Kabla ya Kuuliza Bei, Pindua Bakuli

Wapo wanaoamini kwamba samani za kigeni za katikati ya karne ya 20, pamoja na mabakuli, sahani na vyombo vya maua vya zama hizo, ni starehe ya watu wa Dar es Salaam na Nairobi, na kwamba mtu wa Mtwara akizitaka itambidi aagize kwa meli na kulipia nauli inayozidi bei ya kiti chenyewe. Imani hiyo inasahau umri wa mji. Mtwara tunayoijua, yenye barabara pana na nyumba za Shangani zilizoachiana nafasi, ilipimwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa karanga ambao Waingereza waliuzindua 1947. Karanga za Nachingwea zilitakiwa zishuke kwa reli hadi kwenye bandari ya kina kirefu. Mpango ukafa 1951, bandari ikakamilika 1954 bila karanga za kupakia, na reli ikafungwa 1962. Kilichobaki ni mji mzima uliozaliwa katika miaka ileile ambayo wakusanyaji wa Ulaya leo wanaitafuta kwenye minada. Viti vya zama hizo havikuja hapa kama mapambo. Vilikuja kama vitu vya kukalia, na vingine bado vinakaliwa uwani au vimebanwa stoo chini ya magunia ya korosho. Kwa sababu hiyo mkusanyaji wa kusini ana kazi tofauti na ya mwenzake wa Ulaya, na ndiyo ninayotaka kuitetea hapa: asikimbilie jina la kiwanda, akusanye kwanza ushahidi wa namna kitu kilivyofika na mikono iliyokipitia.

Tuangalie kwanza kilichopo. Mikindani, kilomita kumi na kidogo kutoka Mtwara mjini, ilikuwa bandari wakati Mtwara haijafikiriwa na mtu. Livingstone aliondokea hapo 1866 kuelekea bara, Wajerumani wakajenga boma lao 1895, na wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu wakaweka maghala kando ya ghuba. Samani za tabaka hili ni kasha la njumu, kitanda cha samadari, saa ya ukutani, na viti vyepesi vya mbao iliyokunjwa kwa mvuke vyenye kalio la henzirani. Umbo la kiti hicho lilitoka kwa Thonet wa Vienna mwaka 1859, na siri ya kusambaa kwake ni kwamba kilibuniwa kifunguliwe: viti 36 vilivyofunguliwa vilienea kwenye sanduku moja la mita moja ya ujazo. Kitu kinachosafirishwa kwa namna hiyo hakishindwi kufika popote penye jahazi na mtu mwenye bisibisi. Katika tabaka hilohilo yamo mabakuli ya maua kutoka Maastricht, Uholanzi, ambako viwanda vya Petrus Regout na Société Céramique vilitengeneza vyombo kwa kufuata ladha ya masoko ya mbali, na Unguja ikawa mlango wa kuviingiza pwani yetu.

Tabaka la pili ndilo la mji wa Mtwara wenyewe. Idara ya ujenzi ya serikali ya kikoloni, iliyojulikana kwa herufi zake za PWD, iliweka kwenye nyumba za maofisa viti vya mikono mipana, makabati na meza nzito, michoro ikiwa ya Kiingereza na mbao zikiwa za hapa, mvule na mninga. Uwanda wa Rondo, Lindi, ulisifika kwa mvule, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuagiza. Misheni nazo, Wabenediktini wa Ndanda tangu 1906 na Waanglikana wa Masasi waliowatangulia tangu 1876, zilileta vyombo vyao na kufundisha maseremala. Halafu ikaja 1971 na sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, iliyowagusa zaidi wenye nyumba wa Kihindi. Wengi waliondoka nchini, na kabati la kioo la watu wanne kulibeba si kitu cha kupandishwa ndege. Miaka hiyohiyo reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa, kati ya 1970 na 1975, na gharama zake za ndani zililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina kupitia maduka ya serikali, ndiyo maana chupa ya chai yenye maua mekundu na beseni la enameli vinapatikana kwenye nyumba ambayo haijawahi kuiona reli hiyo. Mwisho wakaja Wafini, kwanza na mradi wa maji wa Mtwara na Lindi miaka ya 1970, baadaye na mradi wa maendeleo ya vijijini wa RIPS uliodumu tangu 1988 hadi miaka ya 2000. Mtaalamu akimaliza mkataba huuza alivyonavyo, kwa hiyo sahani ya kiwanda cha Arabia cha Helsinki ikiibuka mtaani isikushangaze. Katika yote haya kitu kinachodharauliwa bila haki, kwa maoni yangu, ni meza ya fomika yenye miguu ya bomba la chuma. Hakuna kumbukumbu ya kweli zaidi ya hoteli na sebule za miaka ya 1960 pwani, na hakuna anayeitaka. Ukiiona, nunua.

Sasa kwa nini ushahidi wa safari uzidi jina la kiwanda? Sababu ya kwanza ni ya soko. Viti vya Ercol vya Uingereza au vyombo vya maua vya Ujerumani Magharibi vilitengenezwa kwa maelfu kwa maelfu, na mtu wa London au Köln atavipata vikiwa safi zaidi na kwa usumbufu mdogo kuliko wewe. Ukishindana naye kwa jina la kiwanda umeshindwa kabla ya kuanza. Lakini bakuli la Maastricht ambalo inajulikana liliingia nyumba fulani ya Mikindani pamoja na vyombo vya bi harusi, likakaa kwenye kabati la vyombo kwa vizazi vitatu, halina mwenzake Ulaya nzima. Ukiliondoa hapo bila kuandika lolote umenunua udongo uliochomwa. Sababu ya pili ni ya elimu. Kumbukumbu za serikali za kusini zinaeleza tani za karanga na urefu wa gati; hazielezi watu walikalia nini wala walipakulia wali kwenye nini. Vyombo vyenyewe ndivyo vinavyoeleza, kwa sharti kwamba mtu ameandika vilikotoka. Sababu ya tatu ni hali ya hewa, nitairudia kwenye kiti, lakini kwa ufupi ni kwamba bahari imeshachuja mengi yaliyoletwa, na kilichosalia ni mara chache kuwa kile chenye jina kubwa.

Ushahidi huanzia chini ya chombo. Pindua bakuli kabla hujauliza bei. Kwanza tazama muhuri. La Petrus Regout mara nyingi lina picha ya sfinksi, yule simba mwenye uso wa mtu, pamoja na jina la Maastricht. Kama muhuri unataja nchi ya asili, yaelekea chombo ni cha baada ya 1891, mwaka ambao Marekani ilianza kuwalazimisha waagizaji kuonyesha nchi, na viwanda vingi vikafuata kwa bidhaa zao zote. Maandishi ya Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni yanakuweka kati ya mwisho wa vita na 1952. Maandishi ya Ujerumani Magharibi hayawezi kutangulia 1949, na kwenye vyombo vya maua vya viwanda hivyo kwa kawaida utakuta namba mbili, ya kwanza ikiwa ya umbo na ya pili ya kimo kwa sentimita. Pima kwa rula, na kama namba ya kimo na kipimo chako havilingani jiulize kwa nini. Kuhusu vyombo vya Kiingereza lipo jambo lisilojulikana sana hapa: kuanzia 1942 hadi 1952 serikali ya Uingereza ilizuia vyombo vyenye mapambo kuuzwa kwa wananchi wake, navyo vikapelekwa nje kutafuta fedha za kigeni. Sahani ya maua ya miaka hiyo iliyopo Mtwara ilipatikana na mteja wa koloni wakati mama wa nyumbani wa Manchester anakula kwenye sahani nyeupe.

Baada ya muhuri, soma mwili. Maua ya Maastricht yaligongwa kwa sifongo na kumaliziwa kwa brashi, kwa hiyo ua la mwisho mara nyingi halikutani vizuri na la kwanza pale duara linapofunga, na kosa hilo ni dalili njema. Washa tochi ya simu nyuma ya chombo: kaure hupitisha mwanga, udongo wa Maastricht haupitishi. Gonga ukingo kwa kucha, chenye ufa husikika kimekufa. Kisha kagua uchakavu. Chombo kilichotumika kina mikwaruzo katikati, pale kijiko kilipofika, na duara la kitako limelika zaidi upande mmoja kwa sababu lilikuwa likivutwa rafuni kwa mkono uleule. Uzee wa kubandikwa huwa sawasawa kila mahali. Mtu akikuletea bakuli lililopauka nje na ndani kwa kiwango kimoja, lenye chumvi imeganda kwenye vitundu, usidanganyike wala usifurahi, maana ama limetengenezwa lionekane zee, ama limechimbuliwa, na la pili ni baya kuliko la kwanza.

Kiti nacho kigeuzwe miguu juu. Skrubu yenye mfereji mmoja, iliyoshika kutu ya muda mrefu na kuacha alama nyeusi kwenye mbao, inaaminika kuliko yenye msalaba inayong'aa. Mvule na mninga hujulikana kwa uzito na kwa rangi ya ndani ukikwangua kidogo mahali pasipoonekana. Mbao nyingi za Ulaya hazina sumu ya asili ya kuwafukuza wadudu, kwa hiyo chini ya kalio utakuta matundu madogo ya bungua; gonga, na kama unga mweupe unadondoka, mdudu yumo kazini na atahamia kwenye kabati lako. Samani za Denmark na Uingereza zilizobandikwa ngozi nyembamba ya mbao ya thamani juu ya mbao duni zimepata shida zaidi, maana gundi ya zamani haikutengenezwa kwa unyevu wa masika ya Mtwara, nayo huinuka pembeni. Ndiyo maana kitu bora cha kukusanya kusini ni umbo la kigeni lililojengwa kwa mbao za hapa. Asiyekubali atasema kwamba hicho si cha kuagizwa tena. Kwa mbao, kweli. Lakini mchoro uliagizwa, henzirani au kitambaa kiliagizwa, bawaba na kufuli viliagizwa, na mkutano huo ndio unaokifanya kiti kiwe cha Tanganyika badala ya kuwa kiti cha Kiingereza kilichopotea njia. Tahadhari moja hapa. Ukiona chini ya kalio namba iliyopigwa kwa rangi au chapa ya idara, hiyo ni historia nzuri na pia ni swali la kisheria. Samani za serikali hutoka kwa mnada. Omba hati ya mnada huo au risiti yake, na kama muuzaji hana, mwachie.

Fundi atakuambia kwamba samani zote hizi zinahitaji msasa, vanishi mpya na sponji jipya, na kwamba bila hivyo hakuna atakayezipenda. Hoja yake ina nguvu, maana kiti ni cha kukalia, na kilichooza hakikaliki. Lakini msasa wa mashine unaondoa kwa dakika kumi rangi ya miaka 60, namba ya chini, na alama za mikono kwenye egemeo, yaani hasa vile ulivyolipia. Mpe fundi masharti mapema: asafishe kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, akaushe kivulini, abane viungo vilivyolegea kwa gundi, asuke upya henzirani iliyokatika, na asiguse sehemu ya chini. Kitambaa cha zamani kikitolewa usikitupe. Kipande cha kiganja kimoja kikibaki ndani ya bahasha kitakuonyesha rangi ya awali. Kwa vyombo vya udongo sharti ni kali zaidi. Bakuli lililovunjika na kuunganishwa likiuzwa kwa bei ya bakuli lililounganishwa si aibu. Aibu ni kupaka rangi juu ya ufa.

Kuna mipaka ambayo ushahidi wa safari wenyewe unaiweka. Pwani hii tangu kale iliweka vyombo vya kigeni kwenye kuta na makaburi. Makaburi ya Kunduchi na magofu ya Kilwa yanajulikana kwa hilo. Sahani iliyong'olewa kaburini haina hadithi isipokuwa ya wizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inakihesabu kitu kilichotengenezwa na mwanadamu kabla ya 1863 kuwa ni mabaki ya kale, na inailinda pia milango na miimo ya nakshi ya kabla ya 1940. Kuviuza au kuvitoa nchini bila kibali hakuruhusiwi. Kwa hiyo vigae vinavyofunuliwa na maji kupwa viache vilipo, upige picha, uijulishe Idara ya Mambo ya Kale, na mlango wa Mikindani ubaki kwenye ukuta wake. Mpaka mwingine ni wa mto Ruvuma, unaotutenga na Msumbiji. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imo katika machafuko, na Machi 2021 wakazi wa Palma walikimbia wakiacha nyumba na vilivyomo. Samani ya Kireno au sahani ya kaure inayovuka Ruvuma leo bila mwenye kuieleza inaweza kuwa imetoka sebuleni kwa mtu aliyeko kambini. Ya miaka ya 1960 inayoelezeka, iliyovuka na familia zilizokuwa zikienda na kurudi kupitia Kilambo, ni jambo jingine. Na vitu vilivyoingizwa na miradi kwa msamaha wa kodi huweza kudaiwa ushuru vikiuzwa kwa asiye na msamaha, hivyo mwulize mgeni anayehama kama amemalizana na TRA kabla hujabeba meza yake.

Watu husema: nisiponunua mimi, dalali wa Unguja au Arusha atanunua, na nisipowahi mimi kiti kitakuwa kuni. Kuhusu kuni nakubali, na ndiyo sababu ya kukusanya. Kuhusu dalali sikubali, kwa sababu hoja hiyohiyo ndiyo anayoitumia mnunuzi wa sahani za makaburini, na mnunuzi wa mwisho ndiye anayeliweka soko hai. Linalokutofautisha na dalali ni namna unavyonunua. Kusini, mzunguko wa samani unafuata korosho. Msimu ukiwa mzuri, kuanzia minada ya Oktoba, watu hununua makochi mapya na ya zamani hutolewa uwani. Huo ndio wakati wa kununua, kwa sababu mwenye nyumba anauza kwa hiari na ana nafasi ya kukataa. Kipindi cha njaa kabla ya mavuno, bibi anapotoa bakuli lake ili apate unga, bei inaweza kushuka hadi sifuri, na anayejisifu kwa kulipata hana la kujisifia. Mwambie thamani unayoijua. Mpe shikamoo yake kwanza, keti, muulize chombo kilikuwa cha nani, kililetwa na nani, kilitumika kwa siku gani. Akikataa kuuza omba ruhusa ya kupiga picha na uandike maelezo yake, maana hayo ni nusu ya mkusanyiko wako na hayakugharimu kitu. Akikubali, andikeni hati ya mauziano mbele ya watoto wake na mjumbe au mtendaji wa mtaa, ili mjukuu aliyeko Dar asije baadaye kukuita mwizi.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni kwamba kukusanya viti vya PWD na vyombo vya Maastricht ni kuutukuza ukoloni. Mkusanyaji angekuwa anakusanya jina la kiwanda tu, ningesema mlalamikaji ameshinda. Lakini anayeandika safari ya kitu anaandika pia seremala wa Kimakonde au Kiyao aliyekipasua, kuli aliyekishusha gatini, mtumishi aliyekifuta vumbi kila asubuhi bila kuruhusiwa kukikalia, na familia iliyokikalia baada ya bendera kubadilika. Kiti kikichomwa, hao ndio wanaopotea kwanza, kwa sababu ofisa ana faili lake kwenye nyaraka, na aliyekichonga hana.

Ukishavipata, vitunze kwa tabia ya pwani. Weka samani umbali wa kiganja kutoka ukutani ili hewa ipite, tia vipande vya bati au vikombe vya mafuta chini ya miguu pale penye mchwa, na usifunge kabati la kioo muda wote wa masika. Chumvi ya upepo wa Shangani hula bawaba; mafuta kidogo ya mashine kila baada ya miezi michache yanatosha. Vyombo vya mapambo viwe vya mapambo. Glezi ya zamani, hasa nyekundu, njano na ya rangi ya chungwa, inaweza kuwa na risasi au kadimiamu, na chakula chenye ukali huivuta kutoka kwenye chombo. Wali mkavu kwa siku moja ya Idi ni suala la kila mtu na nyumba yake. Achari ya embe, ukwaju na samaki wa ndimu vitiwe kwenye chombo kingine.